Marehemu wa Kwenye Kanda

Mtu yeyote atakayenambia kwamba mchezo ule wa kwenye tivii ulikuwa wa kitoto, na tugombane. Nishagombana na mume wangu, na nishagombana kwenye mtandao na watu nisiowajua, wengine wako nchi ambazo hata sijui ziko upande gani. Nakubali, kuta zilikuwa za makaratasi, maana mlango ukifungwa kwa nguvu chumba kizima kinatikisika. Nakubali nyota zilikuwa vitobo kwenye kitambaa cheusi na taa nyuma yake. Na lile dude lao la chuma, lenye tumbo la mashine ya kufulia, ukitazama vizuri unaviona viatu vya mtu aliyemo ndani. Yote hayo nayajua. Bado nakwambia sijaona tena mchezo kama ule, na sitarajii kuuona.

Ulikuwa unahusu mnara wa taa, ile ya kuongozea meli, uliong'oka kwenye mwamba wake ukapaa angani. Ndani mna watu wanne wanaozunguka baina ya sayari na sayari wakivimulikia vyombo vilivyopotea. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja mkali, anayezungumza na birika lake la chai na kulitaka shauri. Wa pili ni hilo dude la chuma, linaloogopa maji. Wa tatu ni mtu mwenye vivuli viwili, na vivuli vyenyewe havipatani, kila siku ugomvi. Wa nne alikuwa kijana mwembamba, ngozi yake kijani, ana mashavu ya samaki nyuma ya masikio, na kofia yake akiitundika kwenye msumari wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Vyombo vilivyopotea zamani, watu wake washakufa, sauti zao zilikuwa bado zinazunguka huko angani, naye akizisikia, akizitia kwenye chupa moja moja na kuzipanga kwenye rafu. Huyo kijana ndiye aliyekuwa wangu. Na huyo ndiye aliyeiharibu nyumba yetu, ingawa kusema kweli aliyeiharibu ni mimi.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio na tivii. Duka lake lilikuwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, chembamba hata ukikutana na mtu kabeba gunia mmoja wenu lazima arudi nyuma. Mimi nikitoka chuoni kusoma Kurani napitia pale, nakaa kwenye kibao baina ya matumbo ya tivii za watu, nanusa moshi wa risasi ya kulehemu. Mama hakuwa akifika dukani. Barazani pale wanakaa wanaume kutwa, na mama ni mtu wa haya. Yeye alikuwa nyumbani, juu, anashona kofia. Walikuwa hawana mtoto mwengine ila mimi. Mama alishachukua mimba mbili kabla yangu na moja baada yangu, na zote zilitoka. Ya mwisho ilikuwa ya mtoto wa kiume, ishafika miezi saba.

Siku moja mgeni mmoja, mtu wa mradi sijui wa nini, alileta deki mbovu ya video pamoja na sanduku la kanda, akaenda zake asirudi tena. Baba alingoja. Alikuwa mtu wa aina hiyo, kitu cha mteja hakigusi hata kikae mpaka kiote ukungu. Akaitengeneza deki, akaifuta vumbi, akaiweka juu ya kabati pamoja na sanduku lake. Lakini deki haipimwi bila ya kanda, au siyo? Ndivyo alivyonambia huku akicheka, na tukaanza kuipima. Tuliipima mwaka mzima.

Lugha ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha baba kilikuwa cha kwenye vitabu vya ufundi. Alijua maneno ya hatari, ya joto, na ya usiguse kwa mkono uliorowa maji. Mengine tukijaza wenyewe. Majina ya wale watu yalitushinda kutamka, basi tukawapa ya kwetu. Yule kijana wa kijani baba alimpa jina zuri la kale, jina la Kiislamu ambalo mtaani petu hakuwa nalo mtu. Sitaliandika hapa. Lilikuwa jina letu sisi wawili, mimi na baba, la mle dukani tu. Nyumbani hatukuwa tukizungumza mambo ya mnara, kwa sababu mama angeuliza mbona mtoto hadurusu.

Nilikuwa nampenda yule kijana kuliko watoto wenzangu. Msinicheke. Nilimchora kwenye madaftari, nyuma ya mlango wa choo, na kwa kidole kwenye vumbi la vioo vya tivii. Baba akimpigia kelele kwenye skrini utadhani anamuona: "Toka hapo wee, watakukamata!" Mteja akiingia tunanyamaza, baba anachukua bisibisi, mimi nachukua juzuu yangu.

Kwenye kanda ya mwisho kijana akafa. Taa ya mnara ilikuwa inazimika na chombo kilichojaa watu kinakuja gizani. Akaingia chumba cha taa na chupa zake zote za sauti, akajifungia. Taa ikawaka mpaka skrini ikawa nyeupe tupu. Kisha wale wenzake watatu wakaufungua mlango, chumba kitupu. Wakaufunga. Mnara ukaenda zake. Kilipoanza kipande kilichofuata, bibi anazungumza na birika lake, dude linaogopa maji, vivuli vinagombana, na hakuna aliyemtaja, hata kwa bahati mbaya. Kanda ikaishia hapo.

"Mbona hawakumzika?" nikamuuliza baba.

"Huyo ni mtu wa kwenye mchezo, mwanangu."

"Hawakumsalia! Hawakumuosha, hawakumsalia, hawakumsomea hata yasini!"

Baba akakiweka chini chuma cha kulehemu. Aliniona nalia kweli, siyo deko. Akafikiri kidogo akasema, "Labda walimsalia kamera ishazimwa." Nilimpenda kwa kunijibu vile, lakini hakuniridhisha. Usiku nikifumba macho nauona ule mlango, na nyuma yake mtu ambaye hakuna anayemuombea. Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa nishafundishwa kwamba maiti anangojea dua ya walio hai. Anangoja. Neno hilo lilinitia hofu kuliko kaburi lenyewe.

Ukaingia mwezi wa Shaaban. Kwetu, kabla ya Ramadhani, tunawasomea hitima wazee wetu waliotangulia. Wanakuja watu baada ya sala ya alasiri, msahafu unasomwa, kisha mwalimu anapewa karatasi yenye majina ya marehemu wa nyumba na kuyasoma moja moja, fulani bin fulani, fulani binti fulani, ili thawabu ziwafikie. Karatasi yetu ilikuwa ishalainika kwa mafuta ya halwa ya miaka na miaka. Mama akanambia niinakili upya, maana nilikuwa na hati nzuri. Nikakaa juu ya ngazi na kalamu yangu ya wino. Majina yalikuwa manane. Nikaandika la tisa.

Jina peke yake halikutosha. Wote wana baba zao hapo, mwalimu angeuliza huyu ni nani bin nani. Na yule kijana kwenye mchezo hakuwa na baba, aliokotwa ndani ya kreti. Nilifikiri sana. Nikamuandika bin baba yangu, kwa sababu huyo ndiye baba niliyekuwa naye, na kwa sababu ndiye aliyempa jina. Nilifurahi, nakwambieni ukweli. Niliona nimefanya jambo kubwa la kheri.

Siku ya hitima wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumba cha pili nyuma ya pazia, udi unafuka kwenye chetezo. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika mrashi wa maji ya waridi. Mwalimu akasoma la kwanza mpaka la nane, akafika la tisa, akalisoma kwa sauti ile ile. Baba akainua kichwa. Akanitafuta kwa macho, akaniona. Nikadhani sasa ntapigwa mbele za watu. Akainamisha kichwa, akaitikia "Amin" kwa sauti kubwa kuliko yeyote. Nyuma ya pazia kikombe kilianguka kikavunjika, na mtu akasema kheri, kheri.

Watu walipokwisha ondoka nilikuwa nakunja jamvi. Baba akaja akaniwekea mkono kichwani. "Sasa kashazikwa," akasema. "Na yaishie hapa." Basi. Hatukuyazungumza tena mpaka anakufa.

Baada ya siku hiyo nyumba yetu ilibadilika, na mimi nilikuwa mtoto, sikuunganisha. Mama alianza kulala chumbani kwangu, akasema mgongo unamuuma na godoro langu ni gumu. Mgongo ule uliuma miaka. Baba kila Jumamosi alikuwa akienda Mkokotoni, kwa sababu kule hakukuwa na fundi na watu wa Tumbatu wakivuka na redio zao kumngojea. Kazi ikizidi hulala huko. Zamani mama akimfungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Sasa akiondoka, mama yuko chooni, au anasali, au anashona na hainui uso. Na dagaa! Vilikuja vipindi nyumba nzima inanuka dagaa, vifurushi kwa vifurushi, na katika sisi watatu hakuna aliyekuwa akila dagaa. Nilimuuliza mama kayatoa wapi. Akanambia kapewa. Baba akiwapa paka wa kichochoroni.

Baba alikuwa akinitazama mara nyengine kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Hakuuliza. Akapunguza vicheko. Sanduku la kanda alilifunga kwa kamba akaliweka juu kabisa ya kabati.

Na kila Shaaban lile jina lilikuwa likisomwa. Karatasi mama aliichukua mwenyewe, akaifungia kabatini, na siku ikifika anaitoa na kumpa mwalimu kwa mkono wake. Nilipokuwa msichana nilianza kuona haya, nilitaka nilifute, ningelifikia wapi? Nikajiambia hakuna anayelitilia maanani, watasema ni mzee wa zamani. Lakini baina ya jina lile na dua ya kufuatia kuna kimya kidogo mwalimu anapovuta pumzi, na katika kimya kile nilikuwa nahisi mlango unafunguka na mtu kaingia, kasimama nyuma yangu, kanishukuru au kanilaumu, sijui. Nilikuwa sigeuki.

Baba alikufa mimi nishaolewa. Tulikuwa wawili kitandani kwake, mimi na mama. Pumzi zilikuwa zinamwendea mbali. Akamshika mama mkono akasema, "Niwie radhi mke wangu, kwa yote nilokukosea." Mke anatakiwa aseme nimekuwia radhi, na wewe niwie. Ni maneno mepesi, hata mtu na jirani yake wanaambiana wakati wa safari ya Haji. Mama aliutazama ule mkono. Akasema, "Mwenyezi Mungu atakusamehe."

Baba akamtazama kwa mshangao wa kitoto kabisa. Akafumba macho, na kabla ya alasiri alikuwa kashakata roho. Nilimchukia mama siku ile. Nasema wazi, nilimchukia. Alikaa eda yake sawasawa, miezi minne na siku kumi, hakuzidisha wala hakupunguza, na mimi nikimpelekea chakula nilikuwa simwangalii usoni. Baada ya baba kufa, yeye akashika ile karatasi vile vile. Akaongeza jina la baba, la kumi, chini ya mwanawe wa uongo.

Sasa mimi nakaa Fumba, kwenye nyumba hizi mpya, na tivii kubwa ukutani. Mwaka jana nikapekua mtandaoni nikaukuta mchezo wetu, wote, vipande ambavyo hatukuwahi kuviota. Nilipiga ukelele, mume wangu akaja mbio na taulo. Na kumbe kuna watu duniani wanaupenda kama mimi! Wana baraza lao humo mtandaoni, wanabishana vile vivuli kipi kikubwa, birika lilikuwa na akili au bibi alikuwa mwendawazimu. Nikajiunga. Mmoja akaandika kwamba yule kijana hakufa. Nikamjibu kwa hasira: kafa, nna hakika, sisi tumemsomea hitima. Wakacheka sana, wakadhani mzaha. Kisha wakanielekeza nitazame vipande vya mwisho kabisa. Nikatazama. Alirudi. Alikuwa kageuka mwanga, akaokotwa na chombo kile kile alichokiokoa, akarudi na kofia yake, akaukuta msumari wake wa kuitundikia bado upo. Nililia sebuleni peke yangu mchana kweupe. Nilitamani baba angekuwepo nimwambie.

Shaaban ya mwaka huu ilipokaribia mama akanipigia simu. Miguu yake inavimba, daktari kashatwambia moyo umechoka, na ngazi za nyumba ya mjini anashuka mara moja kwa wiki. "Njoo na gari," akasema. "Nataka unipeleke Mkokotoni."

"Mkokotoni kuna nini, mama?"

"Njoo tu."

Nikaenda. Akashuka ngazi anashikilia ukuta, kavaa buibui lake zuri, mkononi kashika chupa ya maji ya waridi na mfuko wa ubani. Nikamfunga mkanda, tukaondoka. Hakusema kitu mpaka tumeipita Bububu. Kisha akasema huku anatazama mbele, "Mimi sina siku nyingi. Sikulaumu wewe, ulikuwa mtoto, baba yako ndiye aliyekutuma. Lakini sasa yatosha. Nionyeshe ndugu yako alipozikwa."

"Ndugu yangu gani?"

"Usinifanye mjinga, mwanangu." Akalitaja lile jina. Akalitaja zima, bin baba yangu.

Nikashika usukani kwa mikono miwili. Nikaendesha tu. Na mama, aliyekuwa kanyamaza miaka yote, siku ile akasema yote kwa mpigo mmoja. Siku ya hitima alikuwa anamimina kahawa. Alisikia mume wake katajwa kuwa na mtoto wa kiume, marehemu. Kikombe kikamtoka. Jirani aliyekaa ubavuni akamfinya goti asipige kelele. Baadaye akaitazama karatasi akaiona hati yangu, akajua: mimi najua, na baba anajua, na yeye peke yake ndiye aliyefichwa.

"Kwa nini hukumuuliza?" nikasema.

"Nimuulize nini? Kashalitoa mbele za watu, mbele ya msahafu. Nikadhani ndiyo njia yake ya kunambia. Nikangoja amalizie mwenyewe. Kila nikingoja, ananitazama tu na macho yake yale, kama hana habari." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nikajua ni Mkokotoni. Nikaenda, wewe uko skuli. Nikakaa sokoni nawatazama wanawake usoni, nasema huyu kafiwa na mtoto, siye huyu, labda yule. Sikutaka ugomvi. Nilitaka kumuona tu, yule aliyempa mtoto wa kiume. Nikaona haya kukaa sokoni bure, nikawa nanunua dagaa."

Tulikuwa tushafika Mahonda. Nikaegesha gari kando, mbele ya mtu anauza miwa. Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, mama yangu atakwenda kutafuta kaburi la mtu ambaye hayupo, na atakufa akiamini baba alimsaliti. Nikisema, atajua kwamba alimnyima baba radhi bure, na baba hayupo wa kuombwa tena. Njia zote mbili nilizifungua mimi, kwa kalamu yangu. Mwenye miwa akaja akagonga kioo, nikamfukuza kwa ukali ambao hakustahiki.

Nikamwambia. Nilianza na deki, nikaenda na mnara, na bibi na birika lake, na yule kijana, na chupa, na mlango. Ilikuwa aibu kubwa kuyasema maneno yale mchana kweupe kwa mama yangu mzazi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata.

"Mtu wa kwenye kanda," akasema.

"Naam, mama."

"Nionyeshe."

Nikamtafutia kwenye simu. Akaisogeza karibu, akaivuta mbali, akaitazama ile sura ya kijani yenye mashavu ya samaki, kofia imekaa upande. Alitazama muda mrefu. "Hata hafanani naye," akasema. Na hapo ndipo nilipofahamu kwamba miaka yote ile alikuwa na sura kichwani, sura ya mtoto wa kiume aliyefanana na mumewe, na alikuwa akiishi naye.

"Na huyu alikufa kweli, huko kwenye mchezo wao?"

"Kanda zetu ziliishia hapo. Mwisho wake alirudi."

"Hakufa?"

"Hakufa."

Mama akaanza kucheka. Alicheka vibaya, mabega yanatikisika, mpaka nikataka kumshika. "Hakuzaliwa, hakufa," akasema, "na mie nimemnunia mume wangu mpaka nikamtia kaburini." Kicheko kikakatika. Akakaa na simu mapajani. Kisha akauliza polepole, "Hilo jina nani kampa?"

"Baba."

"Nani mwengine alikuwa analijua?"

"Hakuna. Mimi na yeye tu, mle dukani."

"Basi siku ile mwalimu alipolisoma, baba yako alijua hapo hapo ni wewe."

Nikasema naam.

"Na akaitikia amin," mama akasema. "Asikuaibishe mbele za watu."

Mimi nilikuwa sijawahi kuliona hivyo. Nakwambia kweli, miaka yote ile lile "sasa kashazikwa" nilikuwa naliona mapenzi matupu, mapenzi mepesi, ya baba na mwanawe. Sikujua lilimgharimu nini, na hata yeye hakujua. Alinisitiri mtoto wake wa darasa la tano, akaona mke wake kamgeuka, na hakuunganisha, kama ambavyo mimi sikuunganisha. Mtu mzima aliyeweza kupata ubovu wa redio kwa kusikiliza tu, akaishi ndani ya nyumba mbovu asijue waya upi uliokatika. Nilifungua mlango wa gari nikashusha miguu juu ya maganda ya miwa.

"Geuza," mama akasema. "Nipeleke Mwanakwerekwe, makaburini. Kwa baba yako."

Mama hakuwahi kufika kwenye kaburi lake. Wanawake wa umri wake hawaingii makaburini. Na hata siku ile hakuingia, miguu haikumruhusu. Nikaegesha pembeni, nikamuonyesha kwa kidole, pale, la tatu kutoka kwenye ule mti mdogo. Akateremsha kioo. Akamwaga maji ya waridi chini, pale pale mlangoni pa gari. Akasema, "Mume wangu, niwie radhi." Akangoja. Akasema tena, akangoja. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayepiga hodi na keshajua kwamba wenyewe hawapo. Magari yalikuwa yanapita nyuma yetu kwenda sokoni. Akapandisha kioo.

Nilikuwa nalia, sioni mbele. Nikaushika mkono wake, ule ule ambao baba aliushika, nikasema, "Na mie, mama. Niwie radhi."

Mama akautazama mkono wangu.

"Mwenyezi Mungu atakusamehe," akasema. "Twende, jua kali."

Tangu siku hiyo tunazungumza kama kawaida. Napeleka dawa, ananipikia mkate wa kumimina, ananiuliza habari za wanangu. Juzi alinipa ile karatasi niinakili, kwa vile hitima ni wiki ijayo. Nikamuuliza lile la tisa nilifute. Akasema nifanye nitakavyo, mimi ndiye mwandishi. Nimekaa kwake, juu ya ngazi, nimeandika manane, nikaacha mstari, nikaandika la baba, na hapo kwenye mstari mtupu wa tisa kalamu imesimama. Kila nikisikia hatua zake nyuma yangu nainua kichwa, nadhani anakuja kunambia lile neno la radhi.